Mchina wa Robo Kilo

Unguja nilikuwa Mchina. Sikuomba, sikuulizwa, wala hapakuwa na fomu ya kujaza. Babu mzaa baba alikuja kwa biashara ya jongoo bahari, kiumbe ambaye Waunguja humruka wakimkuta ufukweni lakini Wachina humkausha, humsafirisha na kumla kwa heshima zote. Akaoa kwetu, akasilimu, akanenepa, akafa. Mimi kaniachia macho. Pua ni ya bibi, rangi ni ya mama, nywele ni za mtu yeyote, ila kwa yale macho tu nikawa Mchina kuanzia Kikwajuni hadi Darajani. Madaktari wa jimbo la Jiangsu, Uchina, wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na kila kundi jipya likifika hospitali ya Mnazi Mmoja, kuna jirani aliyenikamata barazani anionyeshe mbavu zinazomchoma. Majirani waliamini udaktari ule hurithiwa kwa kope.

Nilipohamia California, Uchina ukanitoka uwanja wa ndege. Afisa wa uhamiaji alinitupia jicho moja, akaniweka fungu la Waafrika, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kunihamisha. Sikulalamika. Mtu ukishapangiwa fungu lako, unalala.

Aliyeniamsha ni binti yangu Zuhura.

"Baba, kuna kikundi cha mtaa kinatafuta waigizaji wa Flower Drum Song. Mchezo wa kuimba, habari za Wachina wa San Francisco. Ndani yake mna mzee mkali asiyetaka kubadilika. Shikamoo."

Mtoto huyu shikamoo yake huja baada ya kitendo. Niliposikia ile ya mwisho nikajua jina langu limeshaandikishwa, na saa ya usaili imeshapangwa.

Nikasoma kwanza, maana siendi harusini bila kujua nani anaolewa. Mchezo wenyewe ulitungwa na Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, ukafunguliwa Broadway tarehe 1 Desemba 1958, ukaonyeshwa mara 600, na mwaka 1961 ukawa filamu. Umetokana na riwaya ya C. Y. Lee, Mchina mhamiaji, iliyotoka 1957. Mzee Wang Chi-yang anaishi mtaa wa Wachina na watoto wanaomtia presha. Mkubwa, Wang Ta, kampenda Linda Low, binti anayecheza klabu ya usiku. Hapo anatua Mei Li kutoka Uchina, aliyeletwa kwa mkataba aolewe na Sammy Fong, mwenye klabu, ambaye naye anamtaka Linda. Mzee Wang anavaa kanzu zake za hariri, suti hazitaki, benki haiamini, watoto hawamwelewi. Katika riwaya ana kikohozi kisichokatika, na hataki katakata kutibiwa kizungu.

Nikamwambia mke wangu, "Huyu si Mchina. Huyu ni ami yangu wa Malindi." Ami yangu fedha zake zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, mtaa mzima tukijua, na kikohozi chake kilitangulia kona dakika nzima kabla mwenyewe hajatokea.

"Basi usijisumbue kuigiza," akasema Mama Zuhura. "Nenda kakae tu jukwaani, watu walipe."

Kilichonipa moyo hasa ni orodha ya waigizaji wa 1958. Watayarishaji walitafuta Wachina, wakapata kila mtu. Mei Li alikuwa Miyoshi Umeki, Mjapani. Linda Low alikuwa Pat Suzuki, Mmarekani mwenye wazazi wa Kijapani. Wang Ta alikuwa Ed Kenney wa Hawaii. Sammy Fong aliigizwa na Larry Blyden, Mzungu asiye na tone. Mzee Wang alipata bahati ya kuwa Mchina, Keye Luke, mzaliwa wa Guangzhou. Halafu shemeji yake, Madam Liang, yule mama anayesomea uraia wa Marekani hadi akaupata, aliigizwa na Juanita Hall. Juanita Hall alikuwa Mmarekani mweusi! Tena huyohuyo kabla ya hapo alishapata tuzo ya Tony mwaka 1950 kwa kuigiza mama wa Tonkin, Vietnam, katika South Pacific.

"Unaona?" nikamwambia Zuhura. "Mweusi alikuwa shemeji wa Mzee Wang mbele ya Broadway nzima, na hakuwa na hata robo. Mimi ninayo robo."

"Baba, hayo ni ya zamani. Siku hizi hatufanyi hivyo."

Akanipa darasa. Mwaka 1937 Hollywood ilitengeneza The Good Earth, habari za wakulima wa Kichina, mume akawa Paul Muni na mke akawa Luise Rainer, Wazungu waliochorwa nyuso. Luise Rainer akachukua Oscar. Anna May Wong, mwigizaji wa asili ya Kichina aliyezaliwa Los Angeles kwenyewe, nafasi hiyo hakupewa. Hapo nilinyamaza, kwa sababu dhuluma haina mjadala. Zuhura akaendelea kuwa ndiyo maana David Henry Hwang aliuandika upya mchezo huu, ukarudi Broadway 2002 na Lea Salonga akiwa Mei-li.

"Lea Salonga si Mfilipino?"

"Baba, usianze."

Sikuanza. Nikaenda kupiga picha. Usaili wa huku unadai picha ya uso ya inchi 8 kwa 10, na wasifu wako ubanwe nyuma yake. Nilikuwa na picha nzuri sana za pasipoti, zimebaki tangu zamani, zikakataliwa. Mpiga picha akaniambia nilegeze mabega nimwonyeshe nafsi yangu. Nikamwonyesha. Akasema nafsi isikunje uso.

Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa, kwenye ujia mrefu wenye viti vya kukunja na harufu ya kahawa iliyochemshwa ikasahauliwa. Watu wamesimama wametazama ukuta, kila mmoja anatetemesha midomo, brrr, brrr, kama mashine ya boti inayokataa kuwaka. Nikauliza kama kuna baridi. Nikaambiwa wanapasha sauti. Kila mtu kwapani ana jalada la noti za muziki, kurasa zimevalishwa plastiki isiyong'aa ili taa isimuumize macho mpiga piano. Mimi kwapani nina mwavuli.

Fomu nayo ilikuwa na maswali ya adabu. Urefu. Mzio. Je, uko tayari kunyoa ndevu? Kisha mstari mmoja mfupi: ukipenda, tueleze asili yako. Mstari mmoja! Nikaanza na babu na jongoo bahari, nikapita kwa bibi wa Kikwajuni, ukingo wa karatasi ukaniishia, nikapinda nikapanda juu hadi nikaingia kwenye mzio. Mpaka leo kwenye kumbukumbu zao inaonekana nina mzio wa babu yangu.

Ndani walikuwa watatu mezani na wa nne kwenye piano. Mkurugenzi ni binti mdogo, mchangamfu, mababu zake walitoka Guangdong, mwenyewe kazaliwa Sacramento. Wakanitazama. Wakatazama fomu. Wakanitazama tena. Adabu ya siku hizi haimruhusu mtu kukuuliza kabila lako usoni, lakini macho hayajahudhuria semina hiyo. Wakasaka njia ya kuzunguka.

"Nini kimekuvuta kwenye hadithi hii?"

"Macho," nikajibu.

Wakaandika kitu.

Nikaambiwa niimbe vipimo 16. Vipimo 16 vya muziki, kwa mwendo wa kawaida, ni kama nusu dakika. Nimelelewa na taarabu mimi. Nusu dakika ya taarabu mpiga ganuni bado anavaa vidude vyake vya vidoleni, wapiga fidla wanatazamana, na mwimbaji yupo nyuma anamalizia kahawa. Sauti haitoki mpaka ukumbi umetulia, na ukumbi hautulii mpaka mama fulani wa mstari wa mbele kaketi na kanga yake. Ukiimba vizuri anainuka, anakuja kwa madaha, anakutunza noti. Hapa ukiimba vizuri unaambiwa asante, anayefuata.

Mpiga piano akaniomba noti. Nikamwambia za taarabu ziko kichwani. Akauliza naanzia wapi. Nikamwambia aanze yeye, tutakutana njiani. Akajaribu, mtu mwema yule, vidole vyake vikatafuta wimbo wangu kila upande wa kinanda visiupate, kwa sababu kuna maqam, ngazi za sauti za taarabu, zinazotaka robo toni, na piano haina robo. Inayo nzima na inayo nusu. Robo ikifika, piano inakutazama tu. Nikaimba peke yangu. Nilikuwa bado kwenye ile "aaa" ya kufungulia mlango mkurugenzi alipoinua mkono.

"Asante sana. Ina... mambo mengi."

Kisha tukasoma. Nikapewa kurasa ambazo Mzee Wang anamkaripia mwanawe, na kijana mmoja wa asili ya Kikorea akasimama badala ya Wang Ta. Sasa hapo, ndugu msomaji, sikuhitaji piano. Nimekaripia watoto kwa lugha mbili katika mabara mawili. Nilimtazama yule kijana kuanzia viatu, nikapanda taratibu hadi kwenye nywele, nikasoma. Hata sikupandisha sauti. Nilipofika mwisho wa ukurasa mtoto wa watu alikuwa kasimama wima, mikono nyuma, akasema, "Samahani sana, baba." Neno hilo halimo kwenye mchezo.

Mkurugenzi akapiga makofi. "Safi sana! Sasa tujaribu tena bila lafudhi. Hatutaki kumfanya Mchina kichekesho."

"Lafudhi ya Kichina sikuweka," nikamwambia.

"Hiyo uliyoweka je?"

"Hii nilikuja nayo."

Mpiga piano akafunua ukurasa usio na kitu, akausoma kwa makini.

"Basi sema kwa sauti yako mwenyewe," akasema binti yule kwa upole. "Ya asili."

Nikasema kwa sauti yangu ya asili.

"Hapana, ya asili."

Nikajua anataka nini. Nafanya kazi mapokezi ya hoteli, zamu ya usiku, na zamani meneja alinipeleka darasa la kupunguza lafudhi, eti wageni wakitajiwa namba ya chumba wanapotelea ghorofani. Mwalimu alitufundisha kuvuta maneno puani na kulaza ulimi chini kana kwamba umepigwa ganzi. Sauti hiyo ninayo. Huwa naivaa na tai, naivua na tai. Nikaivaa. Nikamkaripia yule kijana upya, kwa sauti ya mtu anayekueleza kwamba kifungua kinywa kinaanza saa 12 na nusu asubuhi na bwawa la kuogelea limefungwa kwa matengenezo.

"Hiyo!" wakasema wote watatu.

Yule kijana akalegea mabega, mikono ikarudi mfukoni.

Hebu nisaidieni hapa. Mchezo mzima unahusu mzee aliyekataa kubadilika. Hataki suti, hataki benki, hataki muziki wao, amekaa katikati ya Marekani na kanzu yake anasema mimi ni mimi. Kumbe anayeruhusiwa kumwigiza ni mtu aliyebadilika akaisha. Ukimletea mzee mwenyewe, na lafudhi yake na mwavuli wake, anaambiwa anamkosea heshima mzee.

Binti yule simlaumu. Naye ana mzigo wake. Aliniambia baadaye kwamba yeye mwenyewe alipokuwa akifanya usaili, waliomtaka walimtaka aongee kwa kuvunjavunja maneno, yeye aliyezaliwa Sacramento na asiyejua hata kuhesabu kwa Kichina. Akaapa kuwa jukwaani kwake hakuna atakayedhalilishwa hivyo. Kiapo kizuri. Mimi nimeingia chini ya gurudumu lake, ndiyo hivyo tu.

Isitoshe, Wachina wa ghuba hii ya San Francisco usaili wameuzoea. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia. Mwaka 1906 tetemeko na moto vikala San Francisco, na kumbukumbu za vizazi zikaungua pamoja na majumba. Watu wakaona upenyo. Mtu anasema nilizaliwa hapa, cheti kimeungua, na huko Uchina nina watoto. Nafasi za watoto hao zikauzwa kwa vijana wa watu wengine, wakaja kama watoto wa kwenye karatasi. Serikali nayo si mjinga. Kuanzia 1910 hadi 1940 wakawa wanawashusha kisiwa cha Angel Island, wanawahoji. Nyumba yenu ina ngazi ngapi? Pipa la mchele linakaa wapi? Nyumba ya tatu safu ya pili anaishi nani? Baba mtu anahojiwa kivyake, majibu yanalinganishwa, wakipishana unarudishwa. Vijana walikariri vijitabu vizima melini, kisha wakavitupa baharini kabla hawajashuka. Kuna waliokaa kisiwani miezi wakisubiri matokeo. Hao ndio waigizaji. Mimi na vipimo vyangu 16 nina nini cha kusema?

Sheria ile ilifutwa 1943, na nafasi zilizotolewa kwa Wachina zikawa 105 kwa mwaka. Harusi ya kwetu watu 105 ni wale wa kumenya viazi. Hata Mei Li wa mchezoni aliingia nchini kwa mlango wa nyuma, na kinachomwokoa ni hicho hicho. Katazama televisheni, kaona bibi harusi mmoja aliyeingia kimagendo, basi naye siku ya ndoa anatangaza mbele ya watu kwamba hana karatasi, mkataba unavunjika, anaolewa na Wang Ta anayempenda. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilicheka peke yangu. Nchi nzima inaogopa kukosa karatasi, mmoja anaolewa kwa kuzikosa.

Babu yangu, kwa tunavyohadithiwa nyumbani, aliulizwa mambo mawili tu, na aliyemuuliza ni mkwewe: utaswali, na mahari utaleta lini? Akajibu, akala pilau, habari ikaisha. Hakutungiwa mchezo.

Matokeo yakaja kwa barua pepe ndefu, na barua ndefu hazijawahi kuwa na habari njema. Wamevutiwa sana. Wamejadiliana sana. Nafasi ya Mzee Wang wamempa daktari mmoja wa meno, bwana mstaarabu, wazazi wake wametoka Seoul. Nikamtazama Zuhura. Zuhura akaangalia dirishani.

Mimi nimepewa kuwa mpita njia kwenye wimbo wa mtaa wa Grant Avenue, napita na kapu kutoka kushoto, narudi na kapu hilohilo kutoka kulia. Na nimefanywa mbadala wa Mzee Wang. Barua ikamalizia kwa kuuliza kama najua kutengeneza zile sambusa za kwetu, kwa ajili ya mapumziko.

Mbadala, kwa asiyejua, ni mtu anayekariri mchezo mzima akae nyuma ya pazia kumsubiri mwenzake augue. Nimekariri. Nimeshonewa na kanzu. Shida ni kwamba daktari wetu wa meno ni msomi, kaisoma riwaya ya C. Y. Lee kutoka jalada hadi jalada, akakikuta kile kikohozi, akaamua kukipandisha jukwaani.

Kwa hiyo kila jioni ya mazoezi mimi hufa na kufufuka. Juzi alikohoa kimoja, kutoka chini kabisa ya kifua, kizito, kikavu, ami yangu mtupu. Nikainuka. Nikafunga vifungo vya kanzu hadi shingoni. Nikaweka kapu chini.

"Hiyo hiyo!" akapiga kelele mkurugenzi. "Iweke!"

Nikaokota kapu.

Nimemfuata pembeni kiungwana, nikamwambia daktari, kikohozi kile mimi hakinipendezi, nenda hospitali ukapimwe, afya haina mchezo. Akanijibu kwa uzito wote, daktari mzima mwenye kliniki yake, kuwa Mzee Wang hospitali haiamini. Basi nimebaki kumtaja kwenye dua, alfajiri na isha. Mama Zuhura kaniuliza hasa namuombea nini, nikamwambia hilo ni baina yangu na Mola wangu.